Nala kile kile, mbona uzito unapanda? Je, mmeng'enyo wa chakula huchoka kadiri umri unavyosonga?

#1 Mtulivu (mleta mada)
Wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 48. Nilipokuwa na miaka 30 nilikuwa na kilo 64, na leo mizani inasoma kilo 77, ilhali kwa ninavyojijua sijabadili chakula changu kwa namna yoyote ya maana: milo mitatu, sahani ile ile, saa zile zile. Kilichobadilika ni tumbo. Zamani nilikuwa nikila usiku na kuamka mwepesi. Siku hizi chakula cha jioni ninalala nacho na kuamka nacho, gesi hunijaa, na choo ninakipata mara moja kila baada ya siku mbili au tatu. Nimefikia hitimisho kwamba mmeng'enyo wangu umepungua kasi, chakula kinakaa ndani muda mrefu, mwili unapata nafasi ya kukifyonza chote hadi chembe ya mwisho, na ziada inageuka kuwa mafuta. Naomba wenye elimu ya jambo hili wanieleze kama nimeelewa sawasawa, na waliopitia hali hii waseme walifanya nini.

#2 Fundi Mizani
Mleta mada, nadharia yako ina mantiki kwa kuisikia, lakini ina tundu moja kubwa. Utumbo wa mtu mzima mwenye afya tayari hufyonza karibu kila kitu chenye nishati. Kwa mafuta tunayokula, kiasi kinachofyonzwa ni takriban asilimia 95. Hakukuwa na akiba kubwa iliyokuwa ikipotea chooni ulipokuwa na miaka 30, ambayo leo imeanza kuokolewa. Tena mmeng'enyo ukidhoofika kwa kweli, kwa mfano kongosho likiacha kutoa vimeng'enya vya kutosha au ukuta wa utumbo mwembamba ukiharibika, mtu hukonda na kupata choo chenye mafuta kinachoelea. Tumbo lililochoka lingekupunguza uzito, lisingekuongeza.

Kuhusu choo cha siku tatu, kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Choo kinachochelewa hukauka na kuwa kigumu, kinakupa gesi na uzito wa tumbo kujaa, lakini hakikuongezei mafuta. Hayo ni matatizo mawili yaliyokufikia katika umri mmoja, na ndiyo maana umeyafunga kwa kamba moja.

#3 Nyota ya Asubuhi
Fundi Mizani amejibu swali la tumbo, ila nadhani hapa kuna tatizo la maneno. Wengi wetu tunaposema kwamba mmeng'enyo umepungua hatukusudii tumbo. Tunakusudia jinsi mwili mzima unavyotumia nishati, yaani umetaboli. Neno moja tumelibebesha mizigo miwili, na mtu akienda kutafuta tiba anarudi na dawa ya kulainisha choo wakati shida yake ni kitambi. Ukilichukua swali kwa maana hiyo ya pili, mleta mada hajakosea: kila mwalimu wa mazoezi niliyewahi kukutana naye ameniambia kwamba umetaboli huanza kushuka kuanzia miaka 30, na kwamba baada ya 40 mwili unakuwa kama moto uliobaki makaa. Mimi nina miaka 44 na nimeliona kwa macho yangu.

#4 Msomaji Mkimya
Nyota, hoja yako ya maneno ni nzuri na ilihitajika. Lakini hilo la miaka 30 lilipimwa kwa kina na majibu yakawa tofauti. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, uliokusanya vipimo vya matumizi ya nishati vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto mchanga wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Baada ya kusawazisha tofauti za ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli na mafuta, walikuta kwamba matumizi ya nishati hayabadiliki kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wanaume na kwa wanawake. Kushuka huanza karibu na miaka 60, nako ni kwa takriban asilimia 0.7 kwa mwaka. Mtoto wa mwaka mmoja, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili wake, hutumia nishati kwa kiwango kinachomzidi mtu mzima kwa karibu nusu.

Kwa hiyo kilo 13 za mleta mada zimeingia katika kipindi kile kile ambacho vipimo vinaonyesha moto haujapungua.

#5 Nyota ya Asubuhi
Nimekusoma, na nakubali kwamba makaa yangu yalikuwa na haraka. Lakini umeandika mwenyewe kwamba walisawazisha kiasi cha misuli. Maana yake ni kwamba walilinganisha mwili wenye misuli mingi na mwingine wenye misuli mingi. Mtu aliyepoteza misuli kati ya miaka 30 na 48 anatumia nishati pungufu kuliko alivyokuwa, hata kama kila kilo iliyobaki inafanya kazi yake kama zamani. Utafiti huo haumwondolei mleta mada tatizo lake. Unamhamishia tu kutoka kwenye moto kwenda kwenye kuni.

#6 BintiHesabu
Niruhusuni niweke hesabu, kwa sababu neno "kile kile" katika mada limenikaa kichwani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Kilo 13 ni kama kilokalori 100,000. Miaka 18 ni siku 6,570. Ukigawanya unapata ziada ya kilokalori 15 kwa siku, na hicho ni kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mleta mada, hakuna jicho la binadamu linaloweza kutazama sahani likatambua tofauti ya kijiko kimoja cha sukari, na hakuna kumbukumbu ya miaka 18 inayoweza kuapa kwamba chakula ni kile kile kwa usahihi huo. Huhitaji tumbo lililochoka wala umetaboli ulioshuka. Unahitaji kijiko kimoja tu kila siku.

#7 Mtulivu (mleta mada)
Ahsanteni. BintiHesabu, hesabu yako imenishtua na kunifariji kwa wakati mmoja, kwani kama ni kijiko kimoja tu basi nikikiacha kesho nitarudi nilikotoka. Je, ni rahisi hivyo?

#8 Fundi Mizani
Si rahisi hivyo, na hapa inanibidi nimpinge BintiHesabu ingawa namheshimu kwa kupenda namba. Hesabu ya kugawanya huchukulia mwili kama ndoo inayojazwa tone kwa tone, lakini mwili ukiongezeka uzito huongeza pia matumizi yake, kwa sababu mwili mkubwa una gharama kubwa zaidi ya kuubeba na kuutunza. Kijiko kimoja cha ziada kingekuongeza kiasi kidogo, kisha uzito ungesimama pale ambapo matumizi mapya yanalingana na chakula kipya. Kevin Hall na wenzake walionyesha mwaka 2011, katika jarida la The Lancet, kwamba kwa mtu mzima wa kawaida kila badiliko la kudumu la takriban kilokalori 24 kwa siku huishia kwenye badiliko la kilo moja, na kwamba nusu ya badiliko hilo hutokea ndani ya mwaka mmoja hivi.

Sasa chukua kilo 13, zidisha kwa 24. Unapata zaidi ya kilokalori 300 kwa siku. Hicho ndicho kiasi ambacho mleta mada wa leo anamzidi mleta mada wa miaka 30, ama kwa kula zaidi, ama kwa kujishughulisha kidogo, ama kwa yote mawili yakigawana. Ziada ya 300 si kijiko. Ni mlo mdogo mzima, au ni saa nzima na zaidi ya kutembea iliyotoweka katika siku yake.

#9 BintiHesabu
Nimekubali sahihisho. Naacha hesabu yangu ibaki juu ili wengine waone kosa lilipo, kwa kuwa nimeiona ikirudiwa mahali pengi. Hata hivyo jambo moja linabaki palepale: ziada hiyo haikuja kwa mkupuo. Iliingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, kila mwaka ikiwa ndogo mno kuonekana, na kwa hiyo mtu anaweza kusema "nala kile kile" kwa moyo safi kabisa na bado akawa amekosea.

#10 Muuguzi Mstaafu
Habari zenu. Nimefanya kazi wodini na kliniki kwa miaka mingi, na naomba niongeze mambo ambayo mizani haiyaoni.

La kwanza ni misuli aliyoigusia Nyota. Kuanzia miaka ya 30 mtu asiyejishughulisha hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kwa kila muongo, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg aliipa hali hii jina la sakopenia. Lakini tusilivishe jambo hili sifa isiyo yake: kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kama kilokalori 13 tu kwa siku, na kilo moja ya mafuta kama kilokalori 4 au 5. Zaidi ya nusu ya nishati ya mwili uliopumzika hutumiwa na ini, ubongo, moyo na figo, viungo ambavyo kwa uzito ni sehemu ndogo sana ya mwili. Mtu aliyepoteza kilo tatu za misuli amepoteza matumizi ya kilokalori 40 hivi kwa siku akiwa amekaa. Hasara kubwa zaidi iko kwingine: misuli ikipungua, kupanda ngazi kunachosha, na anayechoka huanza kuikwepa ngazi bila kujua.

La pili linamhusu mleta mada moja kwa moja. Kupanda uzito pamoja na choo kigumu, hasa kukiwa pia na uchovu, ngozi kavu na kuhisi baridi kuliko wenzako, ni dalili zinazotosha kupima tezi ya shingo. Tezi hiyo ikilegea hupunguza kasi ya utumbo na ya mwili wote. Ila ujue kwamba kilo zinazotokana nayo kwa kawaida ni chache, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Mara nyingi haielezi kilo 13 peke yake. Pima, lakini usiiwekee matumaini yako yote.

La tatu, angalia unachomeza. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu za jamii ya morfini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo. Steroidi, insulini, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito. Na ukiona damu chooni, au choo kimebadilika ghafla katika umri huu bila sababu, usisubiri majibu ya jukwaani, nenda ukapimwe.

#11 Ua la Jioni
Wanaume wamejadili kana kwamba kilo zote zinafanana na zinakaa mahali pamoja. Mimi nina miaka 52. Kati ya miaka 47 na 51 uzito wangu uliongezeka kilo tatu tu, lakini nguo zote zilinikataa kiunoni huku mapaja yakipungua. Daktari alinieleza kwamba wakati wa kukoma kwa hedhi homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta ambayo yalikuwa yakihifadhiwa nyongani na mapajani huanza kuhifadhiwa tumboni, yakiwemo yale yanayozunguka viungo vya ndani, ambayo ndiyo yenye hatari zaidi kwa moyo na kwa kisukari. Kwa hiyo mizani iliniambia "umeongezeka kidogo" wakati mwili ulikuwa umejipanga upya kabisa. Mizani nimeiacha, napima kiuno kwa utepe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kikizidi 88 na 102.

#12 Nyota ya Asubuhi
Ua la Jioni, umenisemea. Ningependa kujua kama kilo hizo tatu zenyewe zililetwa na homoni au na umri.

#13 Ua la Jioni
Nililiuliza swali hilo hilo. Jibu nililopewa ni kwamba kuhama kwa mafuta kunahusishwa zaidi na homoni, na kuongezeka kwa kilo kunahusishwa zaidi na umri na mwenendo wa maisha. Lakini kwa miaka hiyo nilikuwa ninaamka mara nne usiku nikiwa nimelowa jasho, na mtu asiyelala hula zaidi siku inayofuata. Sasa hapo unaiweka homoni upande gani?

#14 Mzee wa Alfajiri
Wanangu, nimewasoma kwa makini, na nimeona kila mmoja anaogopa kuongezeka. Mimi nina miaka 74, na shida yangu imegeuka. Nilipanda hadi kilo 82 nikiwa na miaka 58, nikakaa hapo, na tangu nilipofika 70 nashuka bila kutaka. Leo nina kilo 69. Nikila nusu sahani najiona nimeshiba. Ladha ya chakula imepungua, harufu siisikii kama zamani. Nilifurahi mwanzoni nikidhani nimepona unene, mpaka nilipoona kwamba kiti kirefu siwezi kukiinukia bila kushika meza.

#15 Muuguzi Mstaafu
Shikamoo Mzee. Ahsante kwa kuandika, kwa sababu hili ndilo ambalo vijana wa miaka 48 hawaambiwi. Uzeeni tumbo la chakula hutanuka kwa shida zaidi na homoni za shibe, kama kolesistokinini, huwa juu zaidi, kwa hiyo shibe huja mapema na hudumu. Katika umri huo kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia ni jambo la kupelekwa kwa daktari, si la kupongezwa. Protini nayo inahitajika zaidi: kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, lakini jopo la wataalamu lililoitwa PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2 kwa waliozidi miaka 65, isipokuwa wenye ugonjwa mkali wa figo. Kwa kilo 69 ni kati ya gramu 69 na 83 kwa siku, zikigawanywa katika milo yote.

Na misuli inarudi, Mzee. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, kwa wiki 8, na nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

#16 Mzee wa Alfajiri
Marahaba mwanangu. Miaka 90! Basi mimi bado ni mwanafunzi. Kesho nitaanza na kile kiti.

#17 Fundi Meno
Nashangaa kwamba uzi umefika hapa na hakuna aliyeutaja mdomo, ilhali mmeng'enyo unaanzia humo. Ninatengeneza meno bandia, na katika mazungumzo na wateja wangu nimeona mwenendo mmoja unaojirudia. Mtu akipoteza magego huacha kwanza vitu vigumu: karanga nzima, mboga mbichi, matunda magumu, nyama yenye nyuzi. Anahamia kwenye vitu laini, vilivyosagwa na kukobolewa, vinavyoteremka haraka. Yeye mwenyewe atakwambia anakula kile kile, kwa sababu saa za mlo na ukubwa wa sahani havijabadilika.

Hapa ndipo ninapoona kwamba Fundi Mizani amemkatalia mleta mada kwa haraka kidogo. Ufyonzaji haubadiliki sana kwa kuzeeka kwa utumbo, hilo nakubali, lakini hubadilika kwa umbo la chakula. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima lozi nzima ndani ya miili ya watu na wakakuta kwamba nishati iliyopatikana ni pungufu kwa karibu robo moja ya ile iliyoandikwa kwenye majedwali, kwa kuwa mafuta mengi hubaki yamefungiwa ndani ya kuta za seli zisizovunjwa na kutafuna. Ukizisaga, kuta hizo zinavunjika na nishati zaidi inaachiliwa.

#18 Fundi Mizani
Hoja nzito, na nairudisha nusu ya kauli yangu. Ningeongeza kwamba kumeng'enya kwenyewe kuna gharama: kati ya nishati ya protini tuliyokula, asilimia 20 hadi 30 hutumika kuishughulikia, wakati kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta haizidi 3 hivi. Aliyeacha nyama na maharage akahamia kwenye vitu laini vya wanga na mafuta amepunguza gharama hiyo pia. Bado siamini kwamba jambo hili linafikisha 300 kwa siku.

#19 Mdadisi
Na vijidudu vya tumboni je? Nilisoma kwamba panya waliopandikizwa vijidudu kutoka kwa panya wanene waliongezeka mafuta bila kula zaidi. Vijidudu hubadilika kadiri tunavyozeeka. Kwa nini isiwe ndiyo sababu yenyewe, pamoja na hiyo gesi ya mleta mada?

#20 Msomaji Mkimya
Utafiti huo upo, ni wa mwaka 2006 kutoka maabara ya Jeffrey Gordon. Lakini walikuwa panya waliokuzwa bila kijidudu hata kimoja, na binadamu wa kawaida hayuko hivyo. Kwa mtu, kazi inayojulikana vizuri zaidi ya vijidudu ni kuchachusha nyuzinyuzi, na gramu moja ya nyuzinyuzi zinazochachuka hutoa takriban kilokalori 2, nusu ya zile za sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Hata zikichachushwa zote ni kilokalori 50, na anayekula nyuzinyuzi kwa kawaida hushiba mapema na kupata choo laini.

Kuna jambo lingine ambalo limenivutia kuliko vijidudu. Mwaka 2019 Peter Arner na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walieleza jinsi walivyowafuatilia watu 54 kwa wastani wa miaka 13, wakipima mafuta yanavyoingia na kutoka katika seli za mafuta. Kwa wote, waliopanda uzito na walioshuka, kasi ya mafuta kutoka ilipungua kadiri umri ulivyosonga. Wale ambao hawakupunguza chakula kufidia hali hiyo waliongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 20. Mleta mada ameongezeka asilimia 20 kutoka kilo 64. Sisemi kwamba ndiyo sababu yake, lakini hapa angalau kuna kitu cha ndani ya mwili kinachobadilika kabla ya miaka 60.

#21 BintiHesabu
Msomaji, je, hilo haligongani na mchango wako #4? Nishati haipotei. Kama matumizi hayajapungua na chakula ni kile kile, mafuta yasiyotoka yanapata wapi nafasi ya kubaki?

#22 Msomaji Mkimya
Linagongana kwa kiasi fulani, na nimelisoma mara tatu bila kulituliza. Huenda mafuta yanapotoka polepole mwili hukidhi mahitaji yake kwa kuongeza njaa, na hapo chakula si kile kile tena. Lakini hiyo ni tafsiri yangu.

#23 Kijana wa Ngazi
Wakubwa, naomba nirudi kwenye kujishughulisha, kwa sababu limepitwa haraka. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic waliwalisha watu 16 wasio wanene kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Aliyeongezeka kidogo zaidi alipata gramu 360 za mafuta, na aliyeongezeka zaidi alipata kilo 4.2, kwa chakula cha ziada kilekile. Tofauti ilitokana hasa na mienendo isiyo mazoezi: kusimama, kuzunguka, kutotulia kitini. Mimi nilipandishwa cheo kazini, nikahamishwa kutoka kuzunguka ghalani nikapewa meza. Ndani ya miaka miwili niliongezeka kilo 6, nikiwa na miaka 29. Laiti ningekuwa na 49, ningeulaumu umri.

#24 Ua la Jioni
Mchango huu ungekaa juu kabisa ya uzi. Mleta mada, kazi yako imebadilika katika miaka hiyo 18?

#25 Mtulivu (mleta mada)
Wiki kumi zimepita. Samahanini kwa ukimya. Nilipimwa tezi na sukari, vyote viko sawa. Kiuno kilikuwa sentimita 101. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: kwa siku 14 niliandika kila kilichoingia mdomoni, nikipima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina. Milo mitatu ni ile ile kweli. Ambacho sikukihesabu ni mabaki ya sahani za watoto, ambao hawakuwapo nilipokuwa na miaka 30, na vitafunio vya mezani kazini. Ndiyo, Ua la Jioni, kazi imebadilika. Zamani nilikuwa ninatembea kwenda na kurudi, sasa nakaa ndani ya gari.

Niliongeza maharage na mboga polepole, maji, na kutembea dakika 40. Choo sasa ni cha kila siku au kila baada ya siku moja, na gesi, baada ya kuzidi wiki mbili za mwanzo, imepungua. Uzito ni kilo 75.6, kiuno 98. Ninachotaka kujua ni kama nimepunguza mafuta au nimemwaga tu kile kilichokuwa kimesimama utumboni.

#26 Fundi Mizani
Sehemu ya kilo ya kwanza inaweza kuwa kile kilichosimama, na hata sentimita moja ya kiuno inaweza kuwa gesi. Pima kiuno asubuhi, kabla ya kula, baada ya choo, na utuletee namba baada ya miezi mitatu mingine.

#27 Nyota ya Asubuhi
Nakupongeza. Nami nimefanya vivyo hivyo tangu uzi huu ulipoanza: nimeandika chakula, nimetembea, nimeongeza protini. Sijapungua hata nusu kilo, na choo ndicho kimekuwa kigumu zaidi. Ninaanza kuona kwamba maelezo yote yaliyotolewa humu ni ya watu wengine.

#28 Muuguzi Mstaafu
Dada, hukujibu kipengele changu cha tatu katika mchango #10. Kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?

#29 Nyota ya Asubuhi
Kidonge kimoja tu cha usiku, amitriptyline, kwa ajili ya maumivu ya neva ya mguu. Nilikianza mwezi wa tatu mwaka jana. Nimerudi sasa hivi kwenye daftari langu la uzito: kilo zilianza kupanda mwezi wa tano.

#30 Muuguzi Mstaafu
Dawa hiyo huongeza hamu ya kula kwa baadhi ya watu na hufunga choo. Usiiache ghafla wala usiipunguze mwenyewe. Mpelekee aliyekuandikia daftari hilo pamoja na tarehe zote mbili, na umwulize kama kuna mbadala unaofaa kwa neva zako.